Gauni la Hero

Watu wakizungumzia filamu ya Kenneth Branagh ya mwaka 1993, ile iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, ambayo huku kwetu tunaijua kwa jina la Kifaransa, Beaucoup de bruit pour rien, huanza na Beatrice na Benedick. Wana haki. Hao wawili ndio wanaochekesha, na Emma Thompson na Branagh mwenyewe, ambao wakati huo walikuwa mke na mume, wanarushiana maneno kwa raha inayoonekana machoni. Lakini mimi nashona magauni ya harusi hapa Katuba, Lubumbashi, na mtu wa kazi yangu akifika penye harusi humtafuta bibi harusi kwanza. Bibi harusi wa filamu hii ni Hero. Nataka kuandika juu yake, kwa sababu filamu hii ninayoipenda sana ilimnyima kitu ambacho Shakespeare alikuwa amempa.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Vita vimekwisha. Don Pedro, mkuu wa Aragon, anafika Messina na watu wake, na gavana Leonato anawapokea nyumbani. Kijana Claudio anampenda Hero, mtoto pekee wa gavana, na Don Pedro anamsemea kwa msichana usiku wa ngoma ya vinyago. Posa inakubaliwa, siku inapangwa. Beatrice, binamu wa Hero, na Benedick, rafiki wa Claudio, wao wameapa kutoolewa na kutooa, na kila wakikutana ni vita vya ulimi. Jamaa zao wanapanga kila mmoja asikie, kana kwamba kwa bahati, kuwa mwenzake anakonda kwa ajili yake. Huo ni mtego wa wema. Wa pili ni wa Don John, ndugu wa Don Pedro aliyezaliwa nje ya ndoa. Usiku wa kuamkia harusi, mtu wake Borachio anasimama na Margaret, mtumishi wa Hero, kwenye dirisha la Hero, na Margaret amevaa nguo za bibi yake. Claudio na Don Pedro wako chini gizani. Wanaamini wamemwona Hero. Asubuhi, mbele ya padri na watu wote, Claudio anamkataa bibi harusi wake kwa maneno ambayo mtu hamwambii hata adui.

Tuliitazama tena atelye, chumba changu cha kushonea, mimi na wasichana ninaowafundisha kushona, Jumapili baada ya misa. Kompyuta ya mpwa wangu tuliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, madirisha tukayaziba na vitambaa, sauti ilikuwa ya Kifaransa. Mwanzoni mpwa wangu alitaka kuruka dakika za kwanza, zile za shairi linaloandikwa kwenye giza na sauti ya Emma Thompson ikilisoma. Nikamzuia. Shairi lile linawaambia wanawake waache kusononeka, kwamba wanaume tangu zamani ni watu wa kudanganya, mguu mmoja baharini na mwingine nchi kavu. Ukiliruka hujui filamu inakwenda wapi. Baada yake kuna watu wanakula na kucheka juu ya majani, farasi wanakuja mbio, watu wanakimbilia kuoga, wanawake wanavua na kuvaa, wanaume wanaruka majini, na mpaka hapo wasichana wangu wote walikuwa wameshaweka mikasi chini.

Walichokizungumzia kwanza ni nguo. Filamu ilipigwa Toscana, Italia, kwenye nyumba ya zamani iitwayo Villa Vignamaggio, na mavazi yalibuniwa na Phyllis Dalton. Wanawake wote wa nyumba ile wanavaa nyeupe au rangi ya maziwa, vitambaa vyepesi vinavyoacha ngozi ipumue, na wanaume wanafika na makoti meupe ya kijeshi. Huwezi kusema ni karne gani hasa, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni swali la kikazi. Nyumba nzima ikivaa nyeupe siku za kawaida, bibi harusi utamtenga na nini? Huku kwetu weupe ndio unaosema kila kitu: mtaa mzima unajua, hata mtoto wa miaka mitatu anapiga kelele akiiona gari imebeba tuli nyeupe dirishani. Kule, Hero anakuwa bibi harusi kwa shela na maua tu, na Claudio anapomsukuma akaanguka chini, anaanguka na nguo inayofanana na ile aliyovaa siku za furaha. Nilisikia msichana mmoja nyuma yangu anavuta pumzi. Anayeshona nyeupe kwenye mji wa udongo mwekundu anajua maana ya upindo wa gauni kugusa ardhi. Siku ya harusi tunawaweka watu wawili kazi yao iwe kuinua mkia wa gauni, kuanzia garini mpaka mlangoni mwa kanisa.

Jambo ambalo nimesikia wengine wanalijadili, kwamba Don Pedro ni Denzel Washington na ndugu yake Don John ni Keanu Reeves, halikuchukua muda kwetu. Filamu yenyewe haielezi. Mwanafunzi wangu mkubwa alimaliza kwa maneno manne: "Baba moya, bamama babili." Tukaendelea. Na kweli, mtoto wa nje anayekaa kwenye karamu ya ndugu yake halali, akitabasamu kwa meno yaliyobanwa, nani katika mji huu hajawahi kumwona? Reeves wengi wanamsema vibaya kwa nafasi hii. Mimi nilimwamini. Anaonekana kama mtu aliyechoka kuitwa mgeni nyumbani kwa baba yake.

Sasa nije kwenye kile nilichosema Hero alinyimwa.

Tamthilia yenyewe ninayo, kwa Kifaransa, kitabu cha mitumba nilichonunua mjini, kwa wale wauzaji wanaopanga vitabu chini upande wa Posta. Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1598 au 1599, ikachapishwa mwaka 1600. Katika sehemu ya tatu, onyesho la nne, kuna asubuhi ya harusi. Hero yuko chumbani na Margaret na Ursula, anavalishwa. Margaret anamwambia ule ukosi mwingine ungependeza zaidi. Hero anakataa: nitavaa huu. Margaret anarudia kwamba huu haufai. Hero anashikilia huu huu. Halafu wanapitia pambo la kichwa, nywele zingekuwa za kahawia kidogo tu zaidi lingekaa vizuri. Halafu Margaret anaeleza gauni la bibi mmoja mkubwa, Duchess wa Milano, ambalo watu walilisifu: kitambaa cha dhahabu, mipasuo, lesi ya fedha, lulu, mikono ya kubana na mikono ya kuning'inia, na sketi iliyowekewa kwa ndani kitambaa cha kung'aa chenye kuelekea rangi ya bluu. Kisha anasema kwamba kwa mtindo mzuri na wa heshima, la Hero linashinda mara kumi.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilisimama nikaenda kuwaita wasichana. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita anajua kwamba gauni linaanza ndani, kwenye kitambaa kisichoonekana vizuri, na kwamba gauni lenye kila kitu linaweza kushindwa na lenye kiasi. Nami ndivyo ninavyowaeleza mama wa mabibi harusi wanaokuja na picha ya simu wakitaka lulu, mawe, lesi na riboni vyote kwenye kifua kimoja.

Na katikati ya maongezi hayo Hero anasema: Mungu anipe furaha ya kulivaa, maana moyo wangu ni mzito kupita kiasi. Hakuna aliyemwambia kitu. Hajui kilichotendeka usiku. Moyo tu umeshajua. Margaret anamtania kwamba utakuwa mzito zaidi kwa uzito wa mwanaume, na Hero anamkaripia kwa haya. Beatrice anaingia na mafua, na Hero anamwonyesha glavu ambazo Claudio amemletea, zenye manukato. Ni mambo madogo. Lakini ndiyo yanayomfanya Hero kuwa mtu: anachagua, anakataa, anaona haya, anaogopa, anafurahia zawadi ya mchumba.

Kisha fikiri juu ya Margaret. Usiku uleule alivaa nguo za Hero na kusimama dirishani. Borachio mwenyewe anakuja kukiri kwamba mwanamke huyo hakujua anatumiwa kwa nini. Asubuhi mikono ileile inarekebisha ukosi wa bibi harusi. Mtu aliyeshika nguo za wengine maisha yake yote, akisoma hapo, anapata baridi mgongoni. Uwongo ule wote ulisimama juu ya gauni. Giza, dirisha, na gauni lililojulikana kuwa la fulani. Uso haukuonekana.

Branagh alilitoa onyesho hilo. Asubuhi ya baba tumeachiwa, Leonato akiwa na haraka zake. Asubuhi ya bibi harusi haimo. Na mahali pa chumba kile cha wanawake tumepewa kitu ambacho Shakespeare hakutuonyesha jukwaani, dirisha lenyewe. Katika tamthilia tunasikia tu habari zake: Borachio anamsimulia mwenzake, Claudio anatangaza kanisani. Katika filamu tunasimama chini na Claudio, tunatazama juu, tunawaona wawili wanavyoshikana, tunasikia jina la Hero likitajwa. Robert Sean Leonard, anayemcheza Claudio, ana uso wa kijana ambaye hajaumizwa bado, na machozi yanamjaa palepale.

Filamu ilipofika hapo, msichana wangu mdogo kuliko wote alisema: "Sasa yee angefanya nini? Njo ameona na macho yake."

Nikasimamisha kompyuta. Namwelewa. Branagh ndivyo alivyotaka aelewe, kwa sababu mwisho wa filamu ni ngoma na vicheko, na ili tucheze kwa moyo mweupe lazima tuwe tumemsamehe bwana harusi. Lakini niliwaambia warudi nyuma. Kijana huyu aliwahi kudanganywa na Don John huyohuyo, usiku wa vinyago, alipoambiwa kwamba Don Pedro anajiposea mwenyewe. Aliamini mara moja, na ikaonekana ni uwongo. Mara ya pili, katika tamthilia, kabla hajaona chochote, anasema kwamba kama ataona kitu usiku huu, kesho mbele ya watu, palepale alipokuwa amwoe, atamwaibisha. Don Pedro anaongeza kwamba naye atasaidia. Adhabu ilikatwa kabla ya ushahidi. Na usiku ule alikuwa na nafasi ya kumwamsha baba wa msichana akamwambia, basi, sitaki tena. Alichagua kumvalisha kwanza, wageni waje, padri asimame, ndipo aseme. Dirisha halielezi uchaguzi huo.

Ninavyong'ang'ania hivi si kwa ajili ya kitabu peke yake. Miaka kadhaa iliyopita nilimshonea gauni binti mmoja wa mji huu, komine yake, yaani manispaa yake, na ukoo wake sitaitaja. Mahari ilikuwa imetolewa, kicheni pati ilikuwa imefanywa, watu walikuwa wameimba mpaka usiku. Wiki ya mwisho ujumbe wa sauti ukaanza kuzunguka kwenye simu za upande wa bwana harusi. Ati msichana ameonekana Kasumbalesa, anashuka kwenye lori, ana mwanaume wa kule mpakani. Ni kweli alikwenda Kasumbalesa. Nilimtuma mimi. Bitana ya gauni lake ilikuwa haitoshi, na rangi ile ya pembe mjini ilikuwa imekwisha. Alirudi siku hiyohiyo na kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, nikakikata mbele yake, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile ambacho bado wateja wangu wanakalia.

Nilikwenda kwa wajomba wa kijana na kipande cha bitana mkononi. Walinipokea vizuri, wakanipa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wakanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Halafu mkubwa wao akasema: "Mama, hatukatae maneno yako. Lakini bantu bote bale habawezi kudanganya." Baba wa msichana hakwenda hata kuuliza. Aliacha kusema na binti yake, akala peke yake. Nilipokuja kusoma Leonato anavyosema, kwamba wakuu wawili hawawezi wote kusema uwongo, kwamba heri binti yake afe kuliko afumbue macho, niliisikia sauti ya mzee yule na ya mjomba kwa pamoja. Richard Briers anaicheza sehemu hii vizuri sana, na kwa sababu ni mzee mpole tangu mwanzo wa filamu, inaumiza zaidi. Claudio ni mgeni. Baba ndiye aliyemjua.

Mtu mmoja tu wa upande wa kijana alikuja atelye, rafiki aliyekuwa asimame naye kanisani. Rafiki wa bibi harusi, msichana ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamfikiria, alikuwa amemwambia kwamba ile habari ni ya uwongo. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Mama, ni weye njo ulimutuma?" Nikamwambia ni mimi. Akashukuru, akaenda kurudisha suti aliyoazima kwa ajili ya harusi.

Harusi haikuwapo. Baadaye sana binti alikuja na mama yake, wakalipa salio lote ingawa nilikataa, akaniomba nilifumue gauni nishone mawili madogo ya wadogo zake, ya komunyo ya kwanza. Nililifumua mshono kwa mshono. Bitana ya Kasumbalesa ilitosha kwa yote mawili.

Kwa hiyo naona moyo wa filamu hii uko mahali Branagh alipofanya kazi yake bora kuliko zote. Si bustanini. Bustanini tunacheka, Benedick anahangaika na kiti cha kukunja huku akijificha, na baadaye yeye anaruka kwenye maji ya chemchemi ya bustani na Beatrice anabembea juu, picha mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, muziki wa Patrick Doyle umejaa. Inapendeza. Lakini mapenzi yaliyotokana na uvumi mzuri bado ni ya uvumi. Walisikia, wakaamini, kama Claudio alivyosikia akaamini. Kitu kinachowatofautisha kinatokea baada ya Hero kuondolewa, pale kwenye kikanisa kidogo, wanapobaki wawili.

Benedick hakuondoka na wenzake. Hilo ni la kwanza. Rafiki zake wa vita wamegeuka na kwenda, na yeye amebaki upande wa waliolia. Anamuuliza Beatrice kama amekuwa akilia muda wote huu. Anasema ndiyo, na atalia tena kidogo. Wanaambiana wanapendana, kwa aibu, kama watu wasiojua mikono iwekwe wapi. Anamwambia aamuru lolote atalifanya. Beatrice anajibu: muue Claudio.

Emma Thompson halisemi kwa kelele. Kelele zinakuja baadaye, Benedick anapokataa, na pale ndipo hasira yote ya mwanamke ambaye hawezi kwenda popote na ukweli alio nao inapomtoka: laiti angekuwa mwanaume, angeula moyo wa Claudio sokoni mbele ya watu. Wasichana wangu walikaa kimya kabisa. Mmoja alikuwa ameshika pini mdomoni, akasahau kuitoa.

Halafu Benedick anauliza swali moja. Rohoni mwako unaamini kwamba Claudio amemdhulumu Hero? Anajibu kwamba ana hakika, kama alivyo na hakika kuwa ana roho. Basi, anasema, imetosha, nitakwenda kumwita kwenye vita. Hana ushahidi. Hajaona dirisha lolote. Kwenye mizani kuna neno la mkuu na la rafiki aliyepigana naye bega kwa bega, na upande mwingine neno la mwanamke ambaye jana tu walikuwa wakitukanana, mwanamke ambaye mwenyewe amekiri kwamba usiku huo, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, hakulala chumba kimoja na Hero. Anachagua neno lake. Mimi nahesabu kwamba wameoana dakika ile, padri alikuja kuandika tu.

Na ndiyo maana naililia ile asubuhi ya chumbani. Tungekuwa tumekaa na Hero akichagua ukosi wake, hata sisi tungekuwa na hakika ya Beatrice. Tungeingia kanisani tunamjua. Sasa tunaingia kanisani tukiwa tumetoka dirishani.

Kuhusu walinzi wa usiku nitasema kidogo. Dogberry na mazamu wake ndio waliomkamata Borachio na kuijua siri nzima kabla ya harusi, na walikwenda kumwambia Leonato asubuhi ileile. Yeye akawaambia ana haraka, wawahoji wenyewe. Dakika chache za kusikiliza watu wadogo zingeokoa kila kitu, na hapo filamu imeeleza vizuri. Michael Keaton, anayemcheza Dogberry, lakini sikumpenda. Uchafu mwingi, kujipinda kwingi, farasi wa hewani. Sisi tuliokulia Lubumbashi tumelelewa na vichekesho vya kundi la Mufwankolo, redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kwa Kiswahili cha nyumbani, vikitungwa papohapo na waigizaji wenyewe juu ya magomvi ya ndoa, ya jirani, ya wakubwa. Pale tulizoea kuona mtu mwenye cheo kidogo akichezwa na mtu anayeamini cheo chake kwa moyo wote. Hapo ndipo unapocheka mpaka unalia. Keaton yeye anatuchekesha kwa nguvu. Kwenye chapa ile ya mwaka 1600 jina la Kemp, mchekeshaji wa kundi la Shakespeare, liliachwa kwa bahati mbaya mahali palipotakiwa jina la Dogberry. Kwa hiyo tunajua nafasi hii iliandikwa kwa ajili ya mwili na sauti ya mtu fulani, na labda ndiyo sababu ni ngumu kwa wengine.

Mwisho wa filamu unajulikana: kamera inawafuata wachezaji bila kukata, uani, bustanini, mpaka inapanda juu na nyumba nzima inaonekana ikicheza. Wasichana walitaka irudiwe, tukairudia. Mimi nilikuwa bado nafikiria kidogo nyuma, harusi ya pili. Hero ametangazwa amekufa, kwa shauri la padri. Claudio, baada ya kujua ukweli, amekubali kama fidia kumwoa msichana ambaye hajamwona, anayeambiwa ni binti wa ndugu wa Leonato. Wanawake wanaletwa wamefunikwa nyuso. Anaapa kwanza, ndipo anafunua. Hero anamwambia kwamba Hero mmoja alikufa akiwa amechafuliwa, lakini yeye yu hai.

Amevaa nini? Sidhani gauni lile la kwanza lingerudi mwilini mwake. Hakuna mama wa hapa ambaye angekubali.

Kwa hiyo nasema wazi, kwa vijana wa maigizo wa parokia, wa chuo kikuu, na wale wanaopiga filamu kwa simu na kamera za kukodi hapa mjini: atakayetaka kuiweka hadithi hii Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu, na kuanzia mlangoni mwa komine mpaka kanisani, aje Katuba. Magauni ya Hero nitayashona mimi, sitatoza kazi, walete kitambaa tu. La kwanza litakuwa la tuli na lesi, kifua kimefunikwa, mkia mrefu, na bitana ya rangi ya pembe inayoonekana akianguka. La pili sateni nzito, bila lulu hata moja, mikono mirefu, shela nene ambayo uso hauonekani kabisa mpaka ifunuliwe. Margaret ashonewe nguo inayofanana na ya Hero ya kila siku, tofauti iwe kwenye upande wa vifungo, na dirisha lisionyeshwe. Ile asubuhi ya chumbani irudi yote, na mafua ya Beatrice, na glavu. Kosi zote mbili nitazileta mwenyewe siku ya kujaribisha, zikae mezani, na huyo msichana atakayekuwa Hero achukue anayoitaka.